Kindi na Siku ya Kuzaliwa ya Picha

Ngano yangu naitoa!

Itoe, tumekaa.

Kabla sijaitoa, nikiri. Picha yangu ya kuchimba msingi wa msikiti niliibadili tarehe, nionekane nilikuwepo siku ya kwanza. Nilifika siku ya tatu, pilau imeiva. Mola anisamehe.

Basi, Kindi na wanawe walichimba kisima, kwaru, kwaru, mpaka maji yakatoka, chururu. Kila siku alipiga picha. Na kila picha iliyoingia kwenye kompyuta yake aliifungua ndani, akasoma siku iliyoandikwa na kamera, akaipa faili jina la siku hiyo. Mama yule alikuwa na subira, nyie!

Kiboko akamwomba picha ya siku maji yalipotoka, ya ukumbusho. Akapewa. Kiangazi kilipokaza, Kiboko akaketi kisimani, pu! Akasema kisima ni chake, na picha anayo. Watoto wa Kindi wakashinda na kiu. Bibi Korongo, mwamuzi wa mbuga, akaagiza kila mmoja alete picha yake Ijumaa. Mwenye ya zamani zaidi ndiye mwenye kisima.

Kindi akawaza. Picha ikinakiliwa hupata tarehe mpya kwa nje, na tarehe hiyo hufuata saa ya kompyuta. Kiboko atairudisha saa nyuma. Basi na airudishe.

Akapita kwa Kiboko, tiki tiki tiki. Akamwambia kwamba picha aliyonayo yeye Kindi ina miaka mitano. Kiboko akarudisha saa miaka sita, akanakili.

Akapita tena, tiki tiki tiki. Akamwambia samahani, ni kumi. Kiboko akarudisha saa miaka kumi na mmoja, akanakili.

Akapita tena, tiki tiki tiki. "Mwanangu, nimezeeka, nasahau. Ni ishirini."

"Nenda salama, mama," akasema Kiboko, na saa ikarudi miaka thelathini.

Ijumaa Kiboko akaonyesha tarehe yake, kifua mbele. Wanyama wakaguna.

"Hongera, mwanangu," akasema Kindi. "Na wewe mwenyewe una miaka mingapi?"

Karamu ya kuzaliwa kwake wote waliila, miaka kumi na minane iliyopita.

"Labda nilichimba nikiwa tumboni," akanong'ona Kiboko.

Bibi Korongo akazifungua picha ndani. Kamera ilikuwa imeandika siku ya miaka mitatu iliyopita, kwa zote mbili. Lakini ya Kindi ilikuwa na ndugu zake: jana yake tope, juzi yake jiwe, juma moja kabla, ardhi kavu na jembe. Ya Kiboko ilikuwa yatima. Kiboko akaondoka, tindi, tindi. Watoto wakanywa.

Ngano imefika, mzigo nautua.

Tumeupokea.

Funzo: uongo haumfai mtu. Kindi aliyedanganya mara tatu anakunywa mpaka leo, ila hilo msiwaambie watoto.

Nawe, kama unayo picha ya siku ya kwanza ya msingi ule, nakuomba umpelekee imamu, yangu iondolewe ukutani mwa msikiti.