Nyati Aita Nyumba Nzima Ghalani

Hapo zamani za kale, na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzio, aliishi Nyati, tajiri mwenye ghala kubwa na akili ya wastani. Ghala lilijaa vibuyu vya samli, mafuta na maziwa mpaka darini. Mlango ulikuwa mmoja tu.

Siku hiyo wakwe walikuwa njiani kuja kumposa binti yake, na kwao mgeni wa posa hupokewa kwa asali.

"Kibuyu cha asali kimo humu," Nyati alisema. "Lakini kipi?"

"Nitanusa kimoja kimoja, Mzee," alijibu Kobe, mtunza ghala. "Adhuhuri haitafika kabla sijakipata."

Kindi alikuwa ukutani akisikiliza. Wanawe walilala njaa, na asubuhi hiyo alikuwa ameomba ukoko jikoni akafukuzwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema kwa adabu nyingi mno. "Mkubwa kama wewe unamngoja Kobe? Kama mmoja anamaliza adhuhuri, kumi watamaliza kabla chai haijapoa. Ita nyumba nzima, utakipata kabla hujakohoa."

Hesabu tamu hiyo. Nyati aliipenda papo hapo, maana hakuwa na mazoea ya kufikiri mara mbili.

"Hata mpishi?" Kobe aliuliza. "Hata mlinzi wa lango?"

"Wote!" alifoka Nyati.

Basi Ngiri mpishi akaacha pilau jikoni, Fisi akaacha lango, Punda akatua mitungi ya maji, na wengine wote wakafuata mbio. Ngiri na Punda wakabanana mlangoni. Walio nyuma wakasaidia kwa kusukuma, kwani hiyo ndiyo kazi waliyoiweza.

Ndani ikawa kacha, kacha, vibuyu vinapasuka. Fisi alinusa kimoja akakiweka chini, Punda akakiokota akakinusa upya. Kobe, aliyekuwa ameanza safu ya kwanza vizuri tu, akapigwa kikumbo akalala chali.

"Nilikuwa naendelea," alisema, lakini nani amsikie?

Kila aliyeshika kibuyu alimkimbilia Nyati.

"Mzee, ni hiki?"

"Mzee, changu kinanukia!"

"Mzee, anza na changu!"

Pua ya Nyati ilikuwa moja, masikini, na kelele zote zilikuwa zake. Kibuyu cha asali kilionekana, ndiyo. Punda alikikanyaga, pwaa.

Huko jikoni, Kindi na wanawe walikuwa wameketi kiungwana.

"Kuleni taratibu, wanangu," aliwaambia. "Wenye nyumba bado wana kazi."

Wakala pilau yote, wakakwangua na ukoko.

Wakwe walipofika, lango lilikuwa wazi na hapakuwa na wa kuwaambia karibu. Mwishowe Nyati akatoka ghalani, samli inamchuruzika usoni.

"Tumewakuta na shughuli," alisema baba mkwe, Pofu mmoja wa pembe ndefu, mpole sana. "Hatutawasumbua tena."

Wakageuza na posa yao. Binti alitoka ndani akilia.

"Baba, hata mtu mmoja wa kuwapa wageni maji hukumbakiza?"

Nyati akajipangusa samli usoni.

Basi wanangu, anayeita nyumba nzima kutafuta kitu kimoja asishangae akipoteza hata alichokuwa nacho.