Pimbi Asiye na Mkia Agombea Udiwani

"Elfu tisini, Mheshimiwa! Elfu tisini za daraja ziko wapi?"

"Shusha sauti, Pimbi. Unaongea na Diwani."

"Sishushi! Nishushe sauti na beseni langu la maandazi limechukuliwa na maji leo asubuhi? Pwaa! Maandazi yote! Daraja lingekuwepo ningevuka kwa miguu yangu."

"Ungepanda mgongoni kwangu ungevuka salama."

"Kwa nauli!"

"Kwa nauli, ndiyo. Kwani mgongo huu ni mali ya umma?"

Ngojeni hapo, watoto, niwaweke sawa kabla ugomvi haujapamba moto. Hii ilikuwa kale ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na mikutano ya hadhara. Katika Kata ya Matopeni, diwani alikuwa Kiboko. Kila kaya ilichanga ili daraja lijengwe Mto Chururu, fedha zikafika shilingi elfu tisini, akakabidhiwa Kiboko azitunze. Akazitunza vizuri mno, hata zisionekane tena. Mwenyewe anajua kuogelea, daraja la nini? Tena likijengwa, nani atamlipa nauli ya mgongoni?

Na Pimbi ndiye yule mnyama mdogo wa mawe, mwenye mwili wa kujaa kiganja cha baba yenu na hasira za kujaa debe. Mkia hana, hata wa kusingizia. Kuogelea hajui. Anakaa juu ya jabali lililoinamia mto, na akiamka alfajiri kukanda unga, anamwona Kiboko anavyooga. Wengine wote wanamwona mchana tu, kichwa na masikio. Pimbi alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawajaliona. Jambo gani? Msinisumbue, nitasema wakati wake.

"Kama hivyo," Pimbi akasema, "uchaguzi ni mwezi huu. Nagombea!"

Kiboko akacheka. Ho! ho! ho! Mto ukapanda kingo.

"Wewe? Ngiri, njoo usikie! Pimbi anataka udiwani!"

Ngiri alikuwa mpambe wake, ndiye aliyembebea mkoba na kumwitikia kila neno. Akacheka kabla hajajua kinachochekwa.

"Kiongozi bila mkia!" Ngiri akasema. "Utawapungia nini wananchi, mama? Masikio?"

"Tazama wangu," Kiboko akasema, akaugeuza huku na huku. "Mfupi, lakini mchapakazi."

"Nauona," Pimbi akajibu. "Nauona kila siku, kaka yangu."

Basi kampeni zikaanza. Kiboko akagawa chumvi, sabuni na kanga zenye picha ya kinywa chake. Swala akapata kanga, Nyani akapata sabuni, Kakakuona akapata chumvi akailamba palepale. Pimbi hakuwa na cha kugawa. Alipita nyumba kwa nyumba akisema maneno yaleyale.

"Chukueni. Hizo kanga mmezinunua wenyewe, kwa fedha za daraja."

"Tunajua, shoga," Swala akamnong'oneza. "Ndani ya sanduku tutakupigia wewe. Kura ni siri."

Kumbe Ngiri alikuwa nyuma ya ua na masikio yake. Mbio! Tifu! tifu! tifu! hadi mtoni.

"Mheshimiwa, chumvi wanalamba, kura wanampa Pimbi!"

Kiboko akavimba. Akaita mkutano, akamwita na Korongo, msimamizi wa uchaguzi, bibi wa shingo ndefu asiyependa mzaha.

"Sitaki sanduku!" Kiboko akanguruma. "Nataka mlolongo. Kila mtu asimame nyuma ya anayempenda, jua likiwaka, kila jicho lione. Halafu tutaonana vizuri huko mgongoni, siku za kuvuka mto!"

Mkutano wote ukanywea. Swala akaitazama kanga yake. Nani angethubutu kusimama nyuma ya Pimbi mchana kweupe?

"Mgombea mwenzake anasemaje?" Korongo akauliza.

Wote walitegemea Pimbi apige kelele. Pimbi akakuna shingo.

"Mlolongo na uwe. Lakini nina masharti, nayasema mbele ya wote. Mgombea akishasimama asigeuke nyuma, asije akawatishia watu kwa macho. Na wapiga kura wasimame wamebanana, pua kwa mgongo, ili hesabu isichezewe."

"Ni hayo tu?" Kiboko akauliza.

"Na tufanyie palepale pa daraja, ukingoni. Wewe joto hulipendi, kaka. Simama miguu ya mbele ikiwa majini, upate ubaridi."

"Ona anavyonijali!" Kiboko akacheka. "Nimekubali. Andika, Korongo."

"Nimeshasikia," Korongo akasema. "Hakuna kurudi nyuma."

Siku ya uchaguzi, asubuhi na mapema, Pimbi akateremka kutoka jabalini na mkokoteni. Mwirr! mwirr! Ndani yake matikiti na maboga, mengine yameiva hadi yanapasuka.

"Kifungua kinywa, Mheshimiwa."

"Usile!" Ngiri akapiga kelele. "Chakula cha mpinzani! Kina sumu!"

"Chagua tikiti lolote, Bwana Ngiri, nilile mbele yako," Pimbi akasema. Ngiri akachagua, Pimbi akala hadi ganda. "Umeona? Mimi situmii sumu. Ni matikiti ya shambani kwangu, na namlisha ashibe. Basi."

Na hapo hakusema uongo hata chembe. Kiboko akafungua kinywa kama mlango wa ghala. Gubu! Tikiti. Gubu! Boga. Gubu! gubu! gubu! Mkokoteni ukabaki na magurudumu.

Kisha watu wakajipanga. Kiboko akasimama ameelekea mto, kifua mbele. Nyuma yake, pua kwa mgongo, Ngiri wa kwanza, amevaa kanzu nyeupe ya sherehe. Nyuma ya Ngiri Nyani, nyuma ya Nyani Swala anayetazama chini kwa aibu, halafu Kakakuona, halafu kata nzima, mstari umepinda hadi kwenye mihogo. Nyuma ya Pimbi, hatua kadhaa pembeni, walisimama mama mkwe wake na Konokono, ambaye alikuwa bado njiani.

"Wagombea, mahali penu!" Korongo akaita.

Kiboko akatia miguu majini.

Gulu. Gulugulu. Gulugulugulu.

"Mheshimiwa," Ngiri akauliza, "tumbo hilo?"

Sasa nawaambia lile jambo. Kiboko akishiba, na miguu ikigusa maji, hapo hapo hufungua nyuma. Na akifungua nyuma, mkia wake haukai. Unazunguka! Unatawanya! Ndivyo alivyofanya kila alfajiri chini ya jabali la Pimbi, na mwenyewe nyuma yake hajawahi kupaona.

Prrrrr! Chapachapachapachapa! Chwaa!

"Uwiii! Macho yangu!"

"Kanzu yangu!"

"Mama wee! Kanga yangu mpya!"

Mkia ulikwenda kama pangaboi. Kushoto chwaa! Kulia chwaa! Mbele hakukunyesha, nyuma ilikuwa masika. Na Kiboko, kwa sharti la Pimbi, hakugeuka. Alisikia makelele akatabasamu.

"Wananishangilia!" akasema, akainua mguu mmoja kuwapungia. "Asanteni, wananchi! Asanteni! Bado yapo!"

Na kweli yalikuwepo.

"Huku!" Pimbi akaita kwa sauti yake yote. "Njooni huku! Nyuma yangu ni pakavu! Mimi sina mkia!"

Walikimbia, watoto! Swala aliruka vichwa vya wenzake. Nyani akambeba Konokono. Kakakuona akajiviringisha akaja kwa kubingirika. Kata nzima ikabanana nyuma ya Pimbi, pua kwa mgongo, inanuka lakini inacheka. Na Ngiri? Ngiri alikuwa majini nyuma ya majani, anafua kanzu.

Korongo akanyoosha shingo, akahesabu, akafuta tone moja kwenye mdomo.

"Nyuma ya Kiboko, hakuna mtu. Nyuma ya Pimbi, wote. Diwani wa Matopeni ni Pimbi. Unaweza kugeuka, Kiboko."

Kiboko akageuka. Akaona uwanja mtupu, wenye rangi mpya.

"Nimesalitiwa! Urudiwe! Nataka sanduku! Kura ya siri!"

"Mlolongo uliutaka wewe," Korongo akasema. "Hakuna kurudi nyuma."

Hoyee! Vigelele! Ngoma zikalia ndu! ndu! ndu! Pimbi akainuliwa juu, mara hii bila nauli.

Funzo ni hili, shikeni: anayelazimisha watu wasimame nyuma yake, aende kwanza akapatazame.

Ngoma zilikuwa bado zinalia Pimbi aliposhuka, akatembea hadi ukingoni, akasimama mbele ya pua ya Kiboko. Akanyoosha mkono wake mdogo, kiganja juu.

"Elfu tisini za daraja. Leo. Zote."