Yowe Linalonuka Ndizi

Nani amekula ndizi? Mihayo, usinifiche, harufu yake naisikia mpaka hapa. Basi leo hupandi mzingani na wenzako. Ndevu zote hizo na hujui mwiko wa warina asali? Kaa chini nikwambie, ingawa marehemu babu yako naye aliniona mwanamke wa maneno mengi.

Zamani nyuki walikuwa na sauti kama zetu, na waliishi na watu kwa maelewano. Mrina alikuja mchana, akagonga mzinga, akapewa nusu ya masega. Nusu nyingine ilikuwa ya majana, watoto wao ambao bado hawajaota mabawa. Hiyo haikuguswa.

Akatokea mrina mmoja, Kasanda, mwenye tamaa na ulimi laini. Alikuja na mkungu wa ndizi mbivu. "Mgeni haji mikono mitupu," akasema, akautua chini ya mti wenye mzinga. Nyuki wakashuka karibu wote, wakazama kwenye utamu ule. Kasanda akapanda upande wa pili, akafungua mzinga, akakomba kila sega, na majana humohumo.

Mzingani alikuwa amebaki nyuki mlinzi mmoja tu, Nyanzala. Akamchoma Kasanda mkononi, akapiga yowe: "Jamani, watoto wanaisha!" Akapiga tena. Wenzake walimsikia vizuri sana. Wakasema watapanda wakishiba.

Waliporudi, mzinga ulikuwa mtupu, na Nyanzala yuko mlangoni, tumbo limechanika pale mwiba ulipong'okea. "Masikio yenu yamenishinda," akawaambia. "Kumbe mnasikia kwa pua. Basi yowe langu naliacha kwenye harufu ileile mliyoipenda kuliko watoto." Akafa, na mwiba wake ukanuka ndizi mbivu.

Na tangu siku hiyo nyuki hana sauti ya kusema. Akichoma, hufa, mwiba hunuka ndizi, na wenzake huja wote bila kuuliza mkosaji ni nani. Nasi hadi leo tunasema tunasikia harufu, wala hatujiulizi neno hilo tumelitoa wapi.

Babu yako nilimwambia hayahaya asubuhi ile alipokwenda kurina mara ya mwisho. Akacheka, akaimalizia ndizi yake njiani. Yowe lake lilinikuta kisimani. Nililisikia vizuri, Mihayo. Nikajaza ndoo kwanza.