Naibu Aliyekataa Kuwa Sultani

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mkuu wa Rashadi palikuwa na cheo kilichoitwa Unaibu wa Kiti. Sultani alipendelea kuishi mashambani, na naibu wake akibaki mjini kupokea wageni kwa niaba yake. Naibu alivaa joho la kifalme na kupigiwa siwa, ile pembe ya enzi, lakini hakuwa na amri hata ya kumfukuza kuku uani.

Zama hizo naibu alikuwa Shekhe Mundhiri, mcha Mungu mwenye tumbo kubwa na kicheko cha karibu. Siku moja ikaja habari kwamba Mfalme wa Jabali, hasimu wa miaka mingi, yuko njiani kuja kufanya sulhu, na ameapa hatampa mkono mtu yeyote ila Sultani mwenyewe. Naye Sultani homa ilikuwa imemlaza kitandani.

Waziri akamvuta Mundhiri kando. "Shekhe, mgeni hamjui Sultani kwa sura. Wewe kaa kitini, nyamaza, mpe mkono. Ukisema kweli, ni vita."

Mundhiri aliwafikiria vijana wa mji, akaifikiria pia siku atakayosimama mbele ya Mola wake. Akaingia barazani akiomba dua moyoni. Mgeni alipounyoosha mkono, yeye aliuweka wake kifuani.

"Niwie radhi, ewe mfalme. Mimi si Sultani. Ni naibu wake tu, na joho hili ni amana. Bwana wangu ni mgonjwa, nami siwezi kukupokea kwa uongo."

Waziri akafumba macho. Mgeni alimtazama Mundhiri, midomo ikamcheza, mara akaangua kicheko hadi kilemba kikamlegea.

"Alhamdulillahi! Basi na mimi nipumue. Mimi ni Sahli, naibu wa mfalme wangu. Alichelea kutegwa, akanivika nguo zake. Tangu asubuhi uongo huu umenielemea!"

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Sultani alipopata afueni, wafalme wawili wakakutana mpakani wao wenyewe, na sulhu yao ikadumu. Ikawa ada tangu hapo kwamba kila naibu wa Rashadi, kabla ya kuvishwa joho, atamke mbele ya watu: "Mimi si mwenye kiti."

Ndugu zangu, sote tumevishwa tusivyovimiliki. Mola atujaalie ulimi wa kukiri. Kwani lau Mundhiri angenyamaza siku ile, sulhu ingefanywa na watu wawili ambao hawakuwepo.