Karai Lililohamahama

Bwana Shekimweri, tajiri wa mtaa, alikuwa na kisukari, na amri ya daktari ya kutembea aliitii sana: alitembea kutoka kitandani hadi kwenye gari. Siku moja alimvaa Bi Mwanahija, aliyekaanga bagia kando ya ukuta wake.

"Kila asubuhi nipe sahani ya bure, au uondoe karai lako!"

"Utapata, bwana. Ila bagia uzifuate mwenyewe. Ukimtuma mtumishi, atakula nusu njiani."

Bahili yule akakubali upesi.

Wiki ya pili karai likahamia nyuma ya soko, kwenye kichochoro kisichopitisha gari.

"Moshi ulikuwa unachafua ukuta wako, bwana."

Wiki ya nne likavuka mto. Tajiri alilifuata kila asubuhi akihema na kutukana, lakini bagia ya bure hakuacha hata moja.

Mwezi wa tatu daktari alimpima, akakuta sukari imetulia.

"Si nilisema bagia ni dawa?" akatamba.

Jioni mkewe alimpelekea Bi Mwanahija gunia la tatu la unga wa dengu, kama walivyopatana tangu siku ile ya ukutani.

"Ahsante, shoga," mke akasema. "Sasa unahamia wapi?"

"Mlimani."