Jicho Ndani ya Eda

Aliyetunga methali ya "mficha uchi hazai" bila shaka alikuwa mkunga aliyechoka kubembeleza. Maana yake haina fumbo. Mwenye uchungu wa kuzaa akiishikilia nguo yake kwa haya, mkunga hana la kumfanyia. Na mwenye shida akiifunika shida yake, hata mwenye dawa mkononi atampita mlangoni. Sote tunaijua methali hii, tumeiandikia insha shuleni, na bado tunajifunika. Somoe wa kijiji cha Zinga naye aliijua.

Somoe alikuwa katika siku ya hamsini na mbili ya eda. Mumewe Kibwana, mkulima wa mihogo na korosho, alifariki kwa ugonjwa wa kifua, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na ukimya ambao hakuuzoea. Binti yao wa pekee, Shufaa, alikaa hadi arobaini, kisha akarejea kwa mumewe Tanga. Waombolezaji walikwisha mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yao. Masufuria ya pilau yakiondoka, watu nao huondoka. Aliyebaki kuja kila alasiri alikuwa wifi yake, Mwaija, dada mkubwa wa marehemu. Mwaija alikuwa mkavu wa maneno. Naye aliwahi kufiwa na mume, akakaa eda miezi minne na siku kumi bila kuonekana hata uani, na hapo Zinga eda yake ikawa kipimo cha wajane wote.

"Wifi, watu wana macho," alimwambia Somoe kila alipoaga. "Usije ukamtia marehemu midomoni mwa watu."

Somoe hakuwa na nia ya kumtia marehemu popote. Alivaa nguo zake nyeupe, akasali, akala kidogo, na saa zilizobaki akashona mkeka. Kazi ya mkeka ina wema mmoja: haikuulizi unajisikiaje. Siku hiyo alikuwa akiunga ukili kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, nayo ikakwama kwenye pindo. Akainama, akaivuta kuelekea kwake kwa nguvu zote. Ikachomoka ghafla na kumchoma jicho la kulia.

Hakupiga yowe. Alihisi maji ya vuguvugu yakimtiririka shavuni, akadhani ni machozi, lakini machozi hayana utelezi ule. Alipolifumba jicho la kushoto, mlango uliokuwa wazi mbele yake ukageuka ukungu.

Mtu mwingine angeita majirani. Somoe alifikiria kwanza barabara: atoke vipi, apite mbele ya nani? Si zamani aliwasikia wanawake, wamekaa hapohapo barazani kwake, wakimsema mjane wa kitongoji cha pili aliyetoka kwenda kung'oa jino. "Jino!" walicheka. "Kila mjane ana jino lake." Maneno hayo yalikuwa yamemganda moyoni.

Basi Mwaija alipobisha hodi alasiri, alimkuta wifi yake amejitanda kanga hadi puani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Una nini?"

"Vumbi limeniingia jichoni. Litatoka."

"Nawa maji ya baridi," Mwaija alisema, akaweka bakuli la chakula, akaenda zake.

Jioni Shufaa alipiga simu kutoka Tanga. "Mzima, mwanangu," Somoe alimjibu, huku ameuma pindo la kanga kwa maumivu.

Alificha hivyo siku tatu. Wala haikuwa kazi ngumu, kwa sababu hakuna anayetarajia kuuona vizuri uso wa mjane. Kope lilivimba, usaha ukaanza kutoka, na kila mwanga ulipoingia dirishani ulimchoma upya. Upweke wake siku hizo ulikuwa mchungu kuliko wa msiba wenyewe, kwa kuwa alikuwa na mtu anayemjia kila siku, naye alimgeuzia mgongo.

Siku ya nne, jicho la kulia halikuona tena hata mlango. Ndipo hofu ilipomshika kwelikweli. Aliogopa kuwa kipofu peke yake ndani ya nyumba ile, akipapasa kuta bila Kibwana wa kumwambia mtungi uko wapi. Mwaija alipoingia, Somoe aliifungua kanga.

Mwaija alikaa sakafuni bila kutafuta mkeka.

"Tangu lini?"

"Ile siku ya vumbi."

"Na mimi naja hapa kila siku!"

"Ningekwambia, wifi, ungesema kila mjane ana jino lake."

Ndivyo hasa Mwaija angesema. Alichukua simu akampigia maalim Mtoro, imamu wa msikiti wao, akamweleza.

"Dharura haingoji eda," maalim alisema kwa sauti iliyomfikia hata Somoe. "Nani kawaambia mjane hatibiwi? Mpelekeni sasa hivi. Mngeuliza siku ya kwanza tusingekuwa tunaulizana leo."

Walifika hospitali kubwa ya Dar es Salaam kabla ya magharibi. Daktari wa macho, dada mmoja mpole aitwaye Adila, alimulika jicho.

"Umeumia lini, mama?"

"Leo asubuhi."

"Usaha huu una siku zake, mama."

"Sema kweli, wifi," Mwaija alimwambia. Somoe akasema.

Daktari aliwaeleza taratibu. Kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimetoboka, na ule utando wa rangi ulio nyuma yake ulikuwa umechomoza na kuziba tundu, kana kwamba jicho lilijaribu kujiziba lenyewe. Lakini wadudu walikwishaingia. Siku ya kwanza kazi ingekuwa kushona tu. Sasa ilikuwa kushona na kupigana na usaha. Walimlaza usingizi, wakaurudisha utando mahali pake, wakashona tundu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, wakamchoma dawa ndani ya jicho.

Alipozinduka, Mwaija alikuwa pembeni ya kitanda, amemshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono hata siku ya maziko.

"Wifi," Mwaija alisema, "unajua kwa nini sikuzaa?"

"Mungu hakupenda."

"Nilikuwa na mimba changa nilipofiwa, sijamwambia mtu. Ndani ya eda nikaanza kutokwa na damu. Nikaona haya kutoka, nikasema itakata. Ilikata siku ya tano, na mtoto akaenda nayo, na kizazi kikaharibika. Watu wakaisifu eda yangu. Nimesifiwa miaka ishirini na miwili, Somoe, na kila wakinisifu nataka kulia."

Somoe aliubana ule mkono, basi.

Kabla ya kumruhusu, daktari alimfunza masharti: avae kikinga jicho, atie matone kwa saa, asijifikiche, asinyanyue ndoo, asilale kifudifudi, na asali ameketi bila kusujudu hadi aruhusiwe. Kisha akaongeza jambo moja na kulirudia mara mbili. Mara chache, jicho moja likichomwa, mwili hukosea kumtambua adui ukalishambulia jicho lililo zima.

"Likiwa jekundu, au likaogopa mwanga, au ukaona ukungu, uje siku hiyohiyo. Usingoje kesho, mama."

Somoe alirudi Zinga kumalizia eda yake. Maneno yalikuwa yamefika kabla yake: amepakiwa gari, amekwenda Dar na nguo zake nyeupe. Hata wachache waliokuwa wakimjulia hali mara mojamoja wakaacha kuja, akabaki Mwaija wa alasiri. Alihesabu matone kwa saa ya simu, akala peke yake, akalala kifudifudi na kuamka akijilaumu, kwa kuwa hata kulala kulikuwa na masharti. Wakati mwingine alimwita Kibwana kwa jina ili tu asikie sauti ndani ya nyumba.

Wiki ya tano, asubuhi moja, alifungua dirisha na jicho la kushoto likakataa mwanga. Akalifumba, akalifumbua. Ukingo wa dirisha ulikuwa na ukungu.

Mwaija alikuwa Miono mazikoni. Simu yake haikupatikana. Eda ilikuwa imebakiza zaidi ya mwezi, na saa nne ya asubuhi ndiyo saa wanawake wanapojaa dukani kwa Shuaibu, palepale njia inapopita. Somoe alisimama nyuma ya mlango, na haya ileile ikamjia: labda ni vumbi, labda kesho litatulia. Kisha akavaa viatu, akatoka.

Dukani maneno yalikatika ghafla.

"Somoe," mmoja alimwita, "eda imekwisha?"

"Haijaisha," alijibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Jicho langu zima limeingia ugonjwa, nakwenda hospitali. Siioni njia vizuri. Nani atanishika mkono hadi barabarani?"

Wakatazamana. Wengi waliinamia vikapu vyao. Dija, muuza maandazi, mwanamke ambaye Somoe hakuwa hata na mazoea naye, alifunika beseni lake, akamshika mkono, akampeleka hadi Dar.

"Umewahi," daktari Adila alimwambia alipomaliza kupima. "Ungengoja wiki, ningekuwa nakupa pole."

Dawa zilichukua miezi mingi, lakini jicho la kushoto likapona. La kulia linaona mwanga na vivuli tu, na daktari amesema halitazidi hapo. Siku ya kutoka eda, Shufaa alikuja kumwogesha mama yake. Walikuwepo Mwaija na Dija, wengine hawakuja. Somoe aliutazama uso wa binti yake kwa muda mrefu, kisha akamlilia Kibwana kwa sauti kwa mara ya kwanza, wala hakujifunika. Jicho alilolificha lilimpotea, alilolitangaza mchana mbele ya watu amebaki nalo. Wahenga hawakukosea, mficha uchi hazai.