Jina la Aliyetengeneza Batani

Sogeeni hapa. Anayeogopa giza amshike mwenzake mkono sasa hivi, maana nikishaanza sisimami kumbembeleza mtu. Na wewe uliyeshika simu, iweke chini, batani zake utazibonyeza baadaye. Leo nasimulia habari za batani, na za mtoto ambaye mpaka nitakaponyamaza atakuwa hana jina.

Kule Rungwe, kwenye mvua isiyojua kuchoka, walikuwepo mafundi watatu wa karakana moja. Sekela alijaliwa kupanga: mpe boksi la kiatu kimoja, atatia jozi mbili na sahani juu yake. Lusajo alijaliwa mikono: akiminya raba mara moja anakwambia itadumu miezi mingapi. Anyisile alikuwa mtu wa waya. Hasemi, hacheki, ila kifaa kilichokufa akikishika kinaamka.

Jirani yao palikuwa na ghala la parachichi lenye vyumba kumi vya baridi. Mnajua parachichi hulazwaje? Chumba kikijaa, mlango unafungwa kwa komeo la nje, taa inazimwa, halafu mashine inaanza kupunguza hewa ya kupumua ili matunda yasiive kabla ya safari. Tunda linalala tu, halina neno. Mtu naye angelala, ila yeye haamki tena.

Meneja wa ghala aliliogopa jambo hilo, akawaagiza mafundi kifaa cha kuitia msaada, mtu akivae shingoni. Cha kwanza kilikuwa na batani moja. Wee! Kreti zikiigusa, kengele inalia getini. Mpakiaji akiinama, kengele inalia. Mlinzi, Mzee Mwakalobo, alikimbia bure wiki nzima mpaka akang'oa waya kwa hasira. Ndipo wakaamua ziwepo batani za namba: ubonyeze namba ya chumba chako, kisha batani ya kengele, na namba itokee getini. Hicho cha pili kikawa kikubwa kama rimoti ya televisheni. Wapakiaji wakawa wanakiacha kwenye msumari.

"Kinanigonga tumbo," alisema Subilaga, mpakiaji mwenye mimba ya miezi minane. "Mnataka nivae kengele ya ng'ombe?"

Meneja akawarudia mafundi. "Batani kumi na moja, namba kumi na kengele, na kifaa kisizidi kiberiti."

"Kiberiti!" Lusajo aliguna. "Kidole cha mtu peke yake kinafunika batani nne!"

Sekela hakubisha. Alikwenda ghalani siku tatu, akawaomba wapakiaji wafumbe macho na kupiga namba za nyumbani kwao kwenye simu zao za batani, naye akitazama vidole tu. Karani wa mizani alitaka namba zipangwe kama za kikokotoo, saba ianzie juu. Sekela alikataa katakata. "Mtu akishikwa na hofu, kidole kinakwenda kilikozoea." Akazipanga kama za simu, kengele akaiweka chini ya tisa, akachimba kijibonde kati ya batani na batani, na juu ya tano akaweka kipele kidogo. Ukikigusa kipele hicho unajua uko katikati, hata kama huoni.

Lusajo kazi yake ilimtoa jasho. Raba ya kawaida ikikaa kwenye baridi ile inakakamaa, ukiibonyeza hujui kama imeingia. Alimimina kalibu kumi na moja, kumi akazitupa. Ya kumi na moja ilitoa batani fupi, ngumu pembeni, laini katikati, ambazo ukizibonyeza zinadumbukia na kusema *ta!* Hata kidole kilichokufa ganzi ndani ya glavu kinaisikia.

Na Anyisile? Anyisile alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya barafu mpaka meno yakagongana, kisha akajaribu kubonyeza moja. Zikaingia moja mara tano, mbili na nne. Akaiunda bodi upya: batani iliyopitiwa tu na kidole isihesabiwe, na iliyobonyezwa kwa kutetemeka ihesabiwe mara moja tu. Alirudia ndoo ile hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Hakumwambia mtu.

Sasa shikaneni. Pale ghalani kulikuwa na desturi: kila mpakiaji ana koti lake na msumari wake mlangoni. Ukitoka, unalitundika. Misumari ikijaa makoti, chumba ni kitupu, funga. Desturi nzuri, haikuwahi kukosea. Lakini koti la Subilaga lilikuwa halifungi tena tumboni. Siku hiyo aliliacha kwenye msumari, akavaa la mumewe.

Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka huko nje. Subilaga alikuwa nyuma kabisa ya chumba cha tisa, ameegemea kreti kupumzisha mgongo. Msimamizi alitazama misumari, akaona imejaa, akashusha komeo na kuzima taa.

Subilaga alipiga kelele. Ukuta ule ni mnene kama mkono wako kutoka kiganja hadi kiwiko, nani amsikie? Alipapasa kreti, akaanguka, akasimama, asijue tena mlango uko upande gani. Halafu akaisikia mashine inaanza kunguruma, akajua hewa inaondoka. Jamani! Mtoto tumboni akapiga teke moja, akatulia. Kule kutulia ndiko kulikomtisha zaidi.

Akakishika kile kifaa kipya shingoni. "Aliyekutengeneza wewe," alisema huku analia, "nikitoka humu hai, naapa mbele ya Mungu, mwanangu ataitwa jina lake."

Kidole kikatafuta, kikapata kipele cha tano. Kulia, sita. Chini, tisa. Akabonyeza, mkono hauna hisia, akasikia *ta!* Akatetemeka vibaya, kidole kikapita juu ya nane, kikarudi, kikafika kwenye kengele. *Ta!* Kisha akaketi chini, akaanza kusinzia.

Getini ikatokea tisa. "Tisa ina mtu!" Mzee Mwakalobo alitupa kikombe cha chai, akakimbia kwa miguu yake ya miaka sitini. Alipolivuta komeo, Subilaga alimwangukia miguuni, midomo ya bluu, anapumua.

Kesho yake asubuhi akajifungua binti zahanati. Mzima, lakini analia. Hanyonyi, halali, analia tu. Nesi akampima, hakuona ugonjwa. Siku ya pili vilevile. Mama mkwe akamtazama mjukuu wake, akasema, "Huyu analilia jina." Subilaga akamweleza kiapo chake.

"Basi aliyekitengeneza aletwe haraka!"

Wakaja watatu. Subilaga alishangaa. "Kitu kidogo hivi, watu watatu?"

"Mimi ndiye niliyekuonyesha tisa gizani," alisema Sekela. "Bila mpangilio wangu ungepapasa mpaka ukate roho."

"Ungeipapasa ukaikuta imeganda kama jiwe!" alisema Lusajo. "Raba yangu ndiyo iliyokuitikia."

Anyisile alikohoa. "Ulipitia nane, mama. Bila bodi yangu Mzee angekwenda kufungua chumba cha nane."

Msiniambie apewe yote matatu! Najua kuna wajanja hapa. Mama mkwe alikwishasema, "Uliapa jina moja. Mungu si wa kuchezewa." Akajaribu kumnong'oneza mtoto jina moja moja. Sekela: mtoto akanyamaza, akafumbua macho, akaanza upya. Lusajo: vilevile. Anyisile: vilevile, hakunyamaza zaidi hata kwa pumzi moja. Jina lazima litoke kwa mama aliyeapa, na litoke mara moja tu.

Kufikia adhuhuri sauti ya mtoto ilikuwa inakwisha. Mafundi wenyewe wakaogopa.

"Mpe la Lusajo," alisema Sekela, machozi yanamtoka. "Sidai tena."

"La Anyisile," alisema Lusajo. "Ila anyonye tu."

"La Sekela," alisema Anyisile.

Hapo ndipo pakawa pabaya kuliko mwanzo, maana hakuna tena anayelidai jina, wala hakuna anayestahili kunyimwa. Mama mkwe akamweka mtoto mapajani mwa Subilaga, sikio dogo likaelekea mdomo wa mama yake. "Sema, mwanangu. Anachoka."

Mimi nimefika mwisho wangu. Mdomo sasa ni wako wewe uliyenisikiliza, na mtoto halii tena kwa nguvu. Je, utamwita nani?